Nyumba Iliyopambwa na Deni Lake



Mtu apitaye Mwanza siku hizi huona nyumba nyingi zilizojengwa vilimani katikati ya mawe makubwa. Akikaribishwa katika baadhi yake, huona sebule iliyopambwa kwa vitu vya kila namna: makochi yenye nakshi, mapazia mazito ya rangi mbili, dari yenye maua ya plasta, zulia lililotoka ng'ambo, saa ya ukutani, kabati la kioo lenye vikombe, na vitambaa vilivyofumwa kwa mikono ya akina mama. Pengine ukuta mmoja una vinyago vya Wamakonde, na ukuta wa pili una picha ya mlima wa Ulaya wenye theluji. Tena wako mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu: kukiwaza chumba kabla hakijawa, kuchagua kitu huku na kitu kule, na kuvipatanisha hata vikae pamoja kama watoto wa nyumba moja.

Jambo hili huleta mabishano kati ya wakristo. Wako wasemao kwamba mapambo yote ni majivuno, na mtu wa Mungu zamtosha kuta nyeupe na kiti cha kukalia. Wako wawajibuo kwamba fedha ni yao, wameitolea jasho, wala hakuna awezaye kuwauliza wameitumiaje. Wale wa kwanza hulipima pambo kwa wingi wake, na wale wa pili hulipima kwa mfuko. Sisi twaona ya kuwa vipimo hivyo vyote viwili vyapungua. Kitu kizuri hakishuki kutoka hewani. Kilikatwa na mtu, kilichongwa na mtu, kilibebwa na mtu, nacho kilitoka mahali fulani palipobaki bila hicho. Kwa hiyo kila pambo lina deni. Na swali la haki ni hili: Je, mwenye nyumba alijua deni hilo, naye amelilipa? Tutalitafuta jibu lake kwa kuzitazama nyumba chache za pande hizi, ambazo habari zake zajulikana.

Kuchanganya vitu si jambo geni

Kwanza yafaa tuondoe wazo moja lisilo kweli. Wengi hudhani kwamba zamani kila kabila lilikaa na vitu vyake peke yake, na ya kuwa kuchanganya vitu vya nchi mbalimbali ni tabia iliyokuja na ndege na maduka makubwa. Sivyo. Watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kombe la bahari lililokatwa mviringo, likawa alama ya utemi. Kombe hilo halipatikani katika ziwa letu. Lilitoka Bahari ya Hindi, likabebwa kwa miguu mwendo wa miezi. Ushanga nao ulitoka ng'ambo, na nguo ya merikani, jina lake latuambia ilikotoka. Stanley alipofika Kageye, upande wa mashariki wa Mwanza, mwezi wa Februari 1875, alikuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kumtangulia.

Basi mtemi aliyewapokea wageni wake katika ikulu alikaa katikati ya vitu vya nchi nyingi. Na neno hilo ikulu, ambalo leo taifa zima hulitumia, limetoka katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi. Hakuna aliyesema kwamba mtemi ameacha kuwa Msukuma kwa sababu ya kombe la baharini. Kombe lilipewa maana mpya, likawa la hapa.

Lakini tusisahau ya kuwa njia ile ile iliyoleta kombe na ushanga ilichukua pembe za ndovu kwenda pwani, pamoja na watu waliofungwa. Tangu hapo twaona pande mbili za jambo letu. Kukusanya vitu kutoka mbali na kuvipatanisha ni kazi ya akili nzuri, ambayo wazee wetu waliijua. Tena kila kitu kilichokuja kwa njia ile kilikuwa na bei, nayo mara nyingine ililipwa na mtu asiyekaa kamwe katika chumba kilichopambwa.

Bujora

Mwendo wa kilometa 20 hivi kutoka Mwanza, karibu na Kisesa, pana kilima cha Bujora. Huko padre mmoja Mkatoliki, David Clement, mtu wa Kanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianza katika miaka ya 1950 kazi ambayo watu wengi wa nje huja kuitazama. Wasukuma walimwita Fumbuka. Alikufa mwaka 1986. Sisi si wa kanisa lake, lakini kazi njema ya jirani yapaswa kutazamwa kwa macho yaliyo wazi.

Kanisa la Bujora ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba za Wasukuma wa zamani. Ndani yake alama za utemi zimewekwa katika utumishi wa ibada: mahali pa kuiwekea Sakramenti pamefanywa mfano wa nyumba ya mtemi, na mlangoni pake pana ngao na mikuki. Nje ya kanisa pana nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1968. Jengo lake moja lina umbo la kiti cha enzi, ndani yake vimo viti vya watemi, mataji na ngoma. Jengo jingine ni la vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu. Tena iko nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga. Mtu aliyeyawaza haya yote hakuwa na haya ya kuchanganya. Alichukua umbo la kiti akalifanya nyumba, akachukua ngao ya vitani akaiweka mlangoni pa Mfalme wa amani.

Kwa nini twasema kwamba neno hili ni jema? Si kwa sababu lapendeza macho tu. Wamisionari wengi waliotangulia, wa makanisa yote, waliziogopa ngoma na alama za wazee. Waliwaambia watu waziache nje, na mara nyingine walitaka zichomwe. Mkristo wa kwanza aliingia katika nyumba ya Mungu kama mgeni, katika chumba cha pembe nne ambacho hakuna kitu ndani yake kilichomwambia, Wewe nawe watarajiwa hapa. Fumbuka aliona kwamba hilo nalo lilikuwa deni, deni la wageni kwa watu wa nchi, naye alijaribu kulilipa kwa kukipamba chumba. Bibi mzee wa Kisukuma aingiapo mle huitambua nyumba. Hahitaji kufundishwa maana ya ngao iliyo mlangoni.

Neno linalotusumbua

Hata hivyo si haki kusifu tu. Kiti cha mtemi kilifanywa kikaliwe, na ngoma ilifanywa ipigwe. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa watemi, na tangu siku zile viti vile havina mwenye kuvikalia kwa amri. Vimesimama chumbani, vyatazamwa. Je, kukiweka kitu mahali kisipofanya tena kazi yake ni kukiheshimu, au ni kukizika kwa adabu?

Swali hili ni gumu, nasi hatutaki kulijibu kwa haraka. Mtu aweza kusema kwamba kama visingaliwekwa pale vingaliliwa na mchwa, au vingaliuzwa kwa watalii, au vingalikwenda Ulaya. Neno hili lina nguvu. Nyumba za makumbusho za Berlin zina maelfu ya vitu vilivyotoka nchi hii zamani za utawala wa Wadachi. Baadhi yake vilinunuliwa, na vingine vilitekwa vitani, na wajukuu wa wenyewe hawana nauli ya kwenda kuvitazama. Vitu vya Bujora vipo Usukuma. Mjukuu wa mtemi aweza kwenda kwa basi asubuhi akarudi jioni.

Tena ngoma hazikunyamaza kabisa kilimani pale. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Juni, hufanywa sikukuu iitwayo Bulabo, maana yake maua, na vyama vya wachezaji hushindana mbele ya umati mkubwa. Vitu vilivyo ndani ya nyumba na watu wachezao nje husemezana. Twaona hapo namna moja ya kulipa deni la pambo: kitu kilichochukuliwa kwa watu kikae karibu na watu, nao wawe na njia ya kukifikia.

Lakini sehemu moja ya deni haikulipwa, wala labda haitalipwa kamwe. Majina ya wengi waliochonga viti vile na kuzifunga ngozi ngoma zile yamepotea. Twamjua padre aliyeviweka pamoja, wala hatumjui aliyevifanya. Ndivyo ilivyo duniani pote: mpambaji hukumbukwa, na fundi husahauliwa. Twalisema hili si kumlaumu mtu, bali tupate kulijua.

Nyumba ya maajabu

Sasa tuifuate njia ile ya misafara hata mwisho wake, kule Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipenda mno kujenga na kupamba. Zamani za ujana wake alifukuzwa akakaa Bombay, na huko aliona majumba ya namna ambayo hayakuwako kwao. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Nguzo zake zilikuwa za chuma kutoka ng'ambo, sakafu ya marumaru, milango mikubwa ya mbao iliyochongwa na kuandikwa maneno ya Kurani kwa dhahabu. Ndiyo nyumba ya kwanza Unguja kutiwa taa za umeme, hata watu walikuja usiku kuitazama. Humo Uarabuni, Uhindi, Ulaya na Uswahili vilikutana chini ya dari moja. Aliyependa kuona jinsi akili ya mtu iwezavyo kuvipatanisha vitu vilivyo mbali, aliweza kuona pale.

Nasi hatutaki kumdhulumu Barghash. Alileta maji safi mjini kwa mabomba, na maskini walikunywa. Tarehe 5 Juni 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Lakini nyumba ile ilipojengwa miaka 10 baadaye, utumwa wenyewe haukuwa umekwisha. Sheria ya kuuondoa Unguja ilikuja mwaka 1897. Mashamba ya karafuu yaliyoijaza hazina yalilimwa na watumwa. Basi katika kila jiwe la marumaru palikuwa na sehemu ya kazi ya mtu asiyelipwa, na katika chumba chote hapakuwa na alama hata moja ya kumtaja. Nguzo ilisema imetoka ng'ambo, mlango ulimtaja Mungu, lakini mchuma karafuu hakutajwa na kitu chochote.

Nyumba ile imeyaona mengi. Mwaka 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga majumba ya Sultani yaliyo jirani nayo, nayo ilisalia. Baadaye ikawa ofisi za serikali, kisha nyumba ya makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, wakati mafundi walipokuwa wakiitengeneza.

Je, nyumba ya namna hii yapaswa kusimamishwa tena? Wako wasemao, Heri ianguke, maana ilijengwa kwa dhuluma. Sisi hatusemi hivyo. Jiwe halikutenda dhambi, na fundi aliyechonga mlango, awe huru au mtumwa, alitia ndani yake maarifa aliyopewa na Mungu. Kuubomoa mlango wake ni kumwibia mara ya pili. Lakini asimamishaye nyumba kama ile na aandike ukutani ni nani waliolipa gharama yake. Hapo ndipo pambo litaacha kuwa uongo.

Dhahabu ni ile ile

Maandiko hayatuambii kwamba pambo ni baya, wala hayatuambii kwamba ni jema bila kuuliza. Katika kitabu cha Kutoka dhahabu ya Waisraeli inatumika mara mbili. Katika sura ya 32 wanavua pete za masikioni, na Haruni anaifanya ndama. Katika sura ya 35 wanaleta vipini na pete tena, na Besaleli pamoja na Oholiabu wanavitumia kuipamba hema ya Mungu. Chuma ni kile kile, na watu ni wale wale. Basi hakuna awezaye kuihukumu dhahabu.

Tena yafaa kuona jinsi kitabu kile kinavyotunza hesabu. Kinawataja mafundi kwa majina na kabila zao. Kinasema kwamba wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao. Kinasema hata birika la shaba lilifanywa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, ili msomaji ajue ni nani waliojinyima vioo vyao. Na watu walipozidi kuleta, Musa aliwaamuru waache, kwa maana vilikuwa vimetosha. Hema ile ilikuwa na uzuri mwingi, lakini uzuri ule ulikuwa na mpaka, na deni lake limeandikwa lote.

Upande wa pili yuko nabii Yeremia, katika sura ya 22. Anamlaumu mfalme Yehoyakimu aliyejijengea nyumba kubwa yenye madirisha mapana, mbao za mierezi na rangi nyekundu, huku akimtumikisha jirani yake bila ujira. Nabii hakulaumu mierezi wala rangi. Anamkumbusha mfalme kwamba baba yake naye alikula na kunywa, tena alifanya hukumu na haki, akafanikiwa. Basi furaha ya nyumba nzuri haikukatazwa. Kilichokatazwa ni ujira uliofichwa ndani ya rangi.

Nyumba ambayo kila mkono wajulikana

Turudi ziwani, upande wa kaskazini. Kule Kasubi, katika Buganda, iko nyumba kubwa ya majani ambayo Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882. Alipokufa mwaka 1884 alizikwa humo, na makabaka watatu baada yake wamezikwa humo pia. Ndani yake dari ina mapete 52 ya matete, kwa hesabu ya koo za Waganda. Sakafu yatandikwa majani na mikeka, na pazia kubwa la nguo ya magome ya mti lafunika mahali pa makaburi. Chumba kile hakina kitu cha dhahabu, lakini hakuna aingiaye asiyenyamaza.

Kitu kinachotufundisha pale ni namna ya kazi yake. Ukoo wa Ngeye una haki na wajibu wa kuezeka majani. Ukoo wa Ngonge hufanya nguo ya magome. Kila sehemu ina wenyewe, na wenyewe wajulikana. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile iliteketea kwa moto, na watu walilia kama waliofiwa. Ndipo kazi ya kuijenga ikaanza, ikachukua miaka mingi, kwa maana haikutosha kununua majani na kuajiri watu wowote. Ilipasa wenye kazi wafundishwe tena kazi ya baba zao. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiondoa katika orodha ya mahali penye hatari.

Tukiilinganisha nyumba hii na ile ya Unguja, twaona tofauti. Katika Nyumba ya Maajabu uzuri ulikuwa mali ya mtu mmoja, na mikono iliyoufanya haikutajwa. Katika nyumba ya Kasubi uzuri ni mkutano wa mikono mingi, na kila mkono waweza kusema, Hapa ndipo penye kazi yetu. Hatusemi kwamba ufalme wa zamani wa Buganda haukuwa na dhuluma zake. Ulikuwa nazo, na historia yazijua. Twasema hili tu, kwamba nyumba iliyopoteza kila kitu kwa moto iliweza kufanywa tena kwa sababu mikono yake haikusahauliwa.

Tusivunje, tusiabudu

Labda katekista mmoja atasema: Kama mapambo yana madeni mengi hivi, je, si afadhali tuyaondoe yote, tubaki na kuta tupu? Neno hili ni la zamani. Mwaka 1522, Luther alipokuwa amefichwa mbali, watu wa Wittenberg walianza kuzitoa sanamu na picha makanisani kwa nguvu. Alirudi mwezi wa Machi akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzipenda sanamu zilizotegemewa na watu kana kwamba zaokoa, lakini aliona kwamba kuzivunja kwa mikono hakumtoi mtu katika utumwa ulio moyoni. Mtu aweza kuabudu chumba kitupu pia, akijisifu kwa ajili ya utupu wake.

Kwa hiyo kuta nyeupe hazitupi ruhusa ya kulala usingizi. Kuta nyeupe nazo zilipakwa na fundi. Je, alilipwa?

Nyumbani kwetu

Hapa twafika kwetu sisi, maana wachache wetu wana marumaru, lakini wengi tuna kochi. Nasi twaona mambo matatu yanayotupasa kuyaangalia.

La kwanza ni ujira. Seremala aliyetengeneza kabati huja mara ya tatu kudai fedha iliyobaki, naye huambiwa arudi mwisho wa mwezi, huku wageni wakilisifu kabati lake ndani. Fundi wa rangi hupunguziwa fedha baada ya kazi kwa sababu hana mahali pa kushtaki. Hayo si makosa madogo ya nyumbani. Ni neno lile lile la Yehoyakimu, ila kwa nyumba ndogo. Sebule ambayo fundi wake bado anadai haijapambwa bado, hata kama mapazia yamekwisha tundikwa.

La pili ni mkopo. Baba akikopa fedha kwa riba kwa ajili ya makochi ya arusi, kisha ada ya shule ikakosekana, pambo limelipwa na mtoto. Mtoto hakuulizwa. Na mara nyingi ndiye mtoto yule yule akatazwaye kuyakalia makochi, yasichakae kabla wageni hawajayaona. Tuna vikombe vizuri kabatini ambavyo havijanyewa tangu vilipoletwa, na watu wa nyumbani hunywa katika vikombe vilivyovunjika mikono. Hatuwakatazi akina mama kutunza vyombo vya wageni, kwa maana kumheshimu mgeni ni desturi njema ya watu wetu. Twauliza tu kama mgeni huyo amewahi kuja, na kama akija ni maskini, atatolewa vikombe vipi.

La tatu ni kutaja. Mtu akikusifu kwa ajili ya kitambaa kilichofumwa, mwambie ni nani aliyekifuma. Akikusifu kwa ajili ya kikapu au mkeka, taja kijiji ulikotoka. Neno hili halina gharama, nalo ni nusu ya malipo. Watoto wakisikia majina hayo kila mara watakua wakijua kwamba nyumba yao ilijengwa na watu wengi.

Na katika nyumba ya ibada

Mambo haya yawahusu hata wazee wa kanisa wanapokutana kushauriana juu ya jengo jipya. Mara nyingi fedha hukusanywa kwa sahani, na sarafu ya mjane imo. Mmoja hutaka madhabahu ya marumaru, mwingine hutaka vioo vya rangi, wa tatu hutaka mapazia kama aliyoyaona katika ukumbi wa arusi mjini. Hatusemi wanyimwe yote. Nyumba ya Mungu isiyo na uzuri wowote yaweza kuwafundisha watoto kwamba Mungu hapendi mikono yao.

Lakini kabla ya kununua kutoka mbali, yafaa waulize kwanza kama katika usharika wao yuko achongaye, afumaye, asukaye mikeka, au ajuaye kuyapanga mawe ya vilima vyetu. Waulize kama mvuvi atokaye mwaloni na nguo zake za kazi atathubutu kuingia mle na kukaa. Pambo ambalo humfanya maskini asimame mlangoni limechukua kitu ambacho hakikuwa chake, nacho ni nafasi ya mtu huyo katika nyumba ya Baba yake. Deni la namna hii halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kuubadilisha mlango.

Basi, ndugu, yeyote aliyepewa kipawa cha kuviwaza vyumba na kuvipatanisha vitu asikionee haya, kwa maana Besaleli naye alijazwa Roho kwa kazi hiyo. Achukue kombe la bahari na jiwe la Mwanza, achukue mkeka na kioo. Ila jioni, watu wakiisha kusifu na kwenda zao, akitazame chumba chake kitu kwa kitu, aulize kwa kila kimoja, Ni nani anidaiye kwa ajili yako? Na akimkumbuka mtu, asingoje mwisho wa mwezi.